Kwanza Lami, Ndipo Matope

Masika yameanza, na pamoja nayo yameanza maswali. Mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Dodoma, amenunua Prado lililotumika. Injini ni nzima na bodi haina kutu, lakini matairi yamebaki vipara. Alinitumia picha kwenye simu: tairi lenye kashata nene zilizopanda hadi ubavuni. "Shangazi, niweke haya? Muuzaji anasema nikiyafunga hakuna tope litakalonishinda."

Swali lina msingi. Mama yake yuko kijijini kwetu, juu ya Mbulu, na mwisho wa mwezi lazima aende kumwona, mvua inyeshe isinyeshe. Wala hayuko peke yake. Hapa Arusha nikipita kwenye maduka ya matairi naona vijana wakifungiwa matairi ya matope kwenye magari ambayo Jumatatu hadi Ijumaa yanakwenda ofisini na kurudi. Wanalipa pesa nyingi, wanaondoka na furaha, na mimi roho inaniuma. Nimefanya kazi ya udaktari wa mifugo Longido, Simanjiro na Ngorongoro, sehemu kubwa nikiendesha mwenyewe, na yaliyonipata njiani yamenipa msimamo ambao nataka mwanangu huyu na wenzake wausikie. Gari la kwendea kazini na porini lichaguliwe tairi kwa kufikiria kwanza lami yenye maji, kisha mawe, na matope yaje mwisho kabisa. Wengi hupanga kinyume.

Nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hatukuwa na la kuchagua. Land Rover ya idara ilikuwa na matairi membamba ya saizi 7.50-16, ya nyuzi, yenye tyubu ndani. Mengi yalitengenezwa hapahapa Arusha katika kiwanda cha General Tyre, kilichokuwa cha ubia kati ya serikali na Continental ya Ujerumani, kabla hakijasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na Yana za Nairobi, hadi kiwanda chao kilipofungwa mwaka 2016. Ukienda ofisi yoyote ya serikali mikoa hii ya kaskazini enzi hizo, ungekuta matairi hayohayo.

Dereva wa idara alikuwa mzee wa Kirangi aliyekaribia kustaafu. Hakuniachia usukani hadi nilipojua kuziba pancha mwenyewe, maana Longido ni nchi ya migunga, na mwiba wa mgunga hauchagui tairi. Namkumbuka alivyofanya. Alishusha gurudumu, akalivua upande mmoja kwa vyuma viwili, akatoa tyubu, akaijaza upepo kidogo na kuipaka mate mahali alipopashuku. Povu likaonyesha tundu. Kukwaruza, gundi, kiraka. Mpaka hapo hata mtoto wa gereji anaweza. Kilichonifundisha ni alichofanya kabla ya kurudisha tyubu. Alichukua kitambaa laini, akakipitisha polepole ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, hadi kikanasa. Pale kiliponasa palikuwa na ncha ya mwiba iliyobaki, fupi kuliko punje ya mchele, ambayo kidole kisingeiona. "Huyu ndiye anayekurudisha chini ya gari, daktari," aliniambia. "Tundu la tyubu ni dogo. Mwenye kulitoboa bado yumo ndani."

Alinifundisha pia kuogopa rimu zenye ringi ya chuma, zile za malori na Land Cruiser za zamani. Ringi ikikaa vibaya, upepo ukijaa inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Yeye hakujaza gurudumu la namna hiyo bila kulizungushia mnyororo na kulilaza ringi ikitazama chini. Hadi leo, nikimwona fundi wa pembeni mwa barabara ameinamia ringi huku upepo unaingia, nasimama namwomba asogeze kichwa.

Na kuna jambo kuhusu wembamba. Vijana wanaamini tairi pana ndilo la porini. Kwenye mchanga wana haki, kwa kuwa tairi pana halizami. Lakini tope letu la masika mara nyingi ni tabaka laini juu ya udongo mgumu. Tairi jembamba lenye uzito wa gari juu yake linakata tope hadi liguse ugumu wa chini, na pale linapata pa kushika. Pana linabaki juu ya ute na kuteleza. Waliotengeneza Land Cruiser za kazi wanalijua hilo. Nyingi za 78 na 79 zimekuwa zikiuzwa na saizi ya 7.50R16, na waongoza watalii wanapita nazo Ndutu kwenye mvua.

Mwaka 1997 sotoka ilionekana tena kwa ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania, na kampeni ya dharura ya chanjo ikaanza. Msomaji wa leo huenda asijue uzito wa neno hilo. Sotoka iliwahi kufuta mifugo ya Wamaasai mwishoni mwa karne ya 19, na dunia haikutangaza kuitokomeza hadi mwaka 2011. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa hofu. Wafadhili walileta magari mapya, yenye matairi mapya: ya waya, yasiyo na tyubu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara kuu. Yalikuwa raha. Gari lilitulia, usukani ukawa mwepesi, mafuta yakapungua. Tuliona tumevuka kutoka zama moja kwenda nyingine.

Nilipangiwa upande wa Ziwa Natron. Ukitoka Mto wa Mbu unapita Engaruka, unaendelea chini ya ukuta wa bonde la ufa hadi Engare Sero, mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa juu yako. Ardhi ile ni majivu na mawe ya volkano. Majivu hayamsumbui mtu. Mawe yana makali, yamekaa kama yalivyomwagwa, na kwenye makorongo yanasimama pande zote mbili za tairi. Si kashata inayoyagusa. Ni ubavu.

Sikusikia mlipuko wowote. Niliona gari limeinamia kushoto, nikashuka. Ubavuni mwa tairi la nyuma palikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, midomo yake imeachana, na ndani nyuzi nyeupe zimetokeza zimekatika vizuri kabisa, hazikufumuka. Niliingiza kucha, ikapita hadi ndani. Kule kwenye kashata ungechomeka kamba ya mpira ya kuzibia ukaendelea na safari. Ubavuni haiwezekani. Ubavu unapinda kila gurudumu linapozunguka, na hakuna kiraka kinachovumilia kupindwa vile huku kimebeba gari. Tairi lililokatika ubavu limekwisha, hata kama kashata zake ni za jana.

Tukafunga spea. Kabla ya jua kuzama tukakata la pili, ubavuni vilevile.

Vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walitusaidia kusogeza gari kivulini, mmoja akaenda kwa miguu Engare Sero kutafuta msaada. Walitupa maziwa. Hawakutuuliza lolote kuhusu tairi. Walitaka kujua kama kesho ng'ombe watachanjwa, maana bomani kwao mifugo ilikuwa imezuiwa kwenda malishoni ikitusubiri. Barafu kwenye sanduku iliyeyuka usiku ule. Pamoja na chanjo ya sotoka tulikuwa tumebeba ya homa ya mapafu, ambayo haivumilii joto, nayo yote tuliimwaga. Ng'ombe wakarudi malishoni bila kuchanjwa.

Tangu hapo, nikiingia duka la matairi, mimi huinama nisome ubavu kabla sijatazama kashata. Pale pameandikwa idadi ya tabaka za nyuzi ubavuni na chini ya kashata. Tairi nyingi za magari ya kawaida zina tabaka moja au mbili ubavuni. Baadhi ya zile za kazi zina tatu. Herufi LT mwanzoni mwa saizi, au C mwishoni mwa namba ya rimu, inaonyesha tairi lililojengwa kwa gari la mizigo. Kisha kuna namba ya mzigo. Kwa Prado saizi ya kawaida ni 265/65R17, na mara nyingi hufuatiwa na 112. Hiyo 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120 likiwa na upepo unaotakiwa. Ukiona muuzaji anakupa saizi ileile lakini namba ya mzigo iko chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa gari lako, ondoka, bei yake isikushawishi.

Naeleza na upande wa pili, kwa sababu watu huniambia nimezidisha. Tairi la LT ni zito na gumu. Linataka upepo zaidi, linatikisa abiria, linakula mafuta. RAV4 au Forester inayopita changarawe mara mojamoja haihitaji tairi la namna hiyo, itaumia bure. Gari dogo litafutiwe tairi la njia zote lililotengenezwa kwa uzito wake. Lakini mwenye gari zito anayepita mawe, asiogope ugumu.

Mvua za El Niño zilikuja mwishoni mwa mwaka uleule wa 1997, zikaendelea hadi 1998. Madaraja yalikatika, barabara zikageuka mito. Mradi wa chanjo ukanunua matairi ya matope kwa baadhi ya magari, yenye kashata kubwa zilizoachana, na sote tukayatamani.

Nitayatendea haki. Kwenye njia ya Terrat, kule Simanjiro, gari lenye matairi yale lilipita mahali ambapo langu lilizama hadi ekseli. Walinirudia wakanivuta kwa kamba. Kwenye tope la majimaji na udongo mwekundu yalifanya kazi ambayo tairi jingine lisingeifanya. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata, mambo yalibadilika. Tairi la matope linajisafisha kwa kuzunguka kasi hadi tope liruke, na udongo ule hauruki. Baada ya mita chache nafasi zote kati ya kashata zilikuwa zimejaa, uso wa tairi umekuwa laini, na gari la matairi ya matope lilikwama sambamba na la matairi ya kawaida. Pale dawa ilikuwa kusubiri jua. Wenyeji walituambia hivyo tangu mwanzo: mbuga ikilowa, usiiingie.

Jioni moja tulikuwa tunarudi Arusha, magari mawili. Mvua ilinyesha mchana kutwa, bado ilikuwa ikinyunya. Enzi hizo lami ilikuwa haijafika lango la Ngorongoro. Ilianzia Makuyuni, na tulipoigusa tulipumua, tukijua shida zimebaki nyuma. Mwenzangu alitangulia na gari la matairi ya matope. Mimi nilifuata na langu lenye matairi ya barabara kuu. Magari yalikuwa ya aina moja, mzigo ulikuwa sawa. Nilikuwa nimeacha nafasi kubwa, na mshale wangu ulikuwa kwenye 80.

Karibu na Meserani ng'ombe waliotoka mnadani walivuka barabara. Niliona taa zake za breki zikiwaka, nami nikakanyaga. Langu lilipungua mwendo, likasimama. Lake liliendelea kwenda. Magurudumu yalikuwa yamefunga, hayazunguki, na gari linakwenda vilevile, mkia ukienda pembeni taratibu, hadi likatoka kwenye lami na kubingirika mtaroni. Ng'ombe hawakuguswa hata mmoja. Mwenzangu alivunjika nyonga. Kijana aliyekaa kushoto kwake, msaidizi wetu wa chanjo, alifariki kabla hatujafika hospitali.

Polisi waliandika mwendo kasi. Mimi nilikuwa nyuma yake, mwendo wetu ulikuwa mmoja. Siku zilizofuata nilikwenda lilikovutwa gari, nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele. Kashata zilikuwa ndefu na nzima kabisa. Nilibonyeza mpira kwa kucha; haukuacha alama. Nikaenda kwenye gari langu nikabonyeza vilevile, kucha ikaacha mstari.

Nimejisomea mengi tangu siku ile ili nielewe nilichokiona. Mifereji mipana ya tairi la matope inatoa maji vizuri, hapo halina lawama. Tatizo ni kwamba mpira unaogusa lami ni mchache, kwa kuwa nafasi kubwa ni tupu. Huo mchache wenyewe umekandwa uwe mgumu ili mawe yasiunyofoe. Kashata ndefu zinapinda breki zikibanwa. Na mara nyingi hazina ya kutosha ile michirizi myembamba, iliyochanjwa juu ya kashata, ambayo ndiyo inayofuta maji na kung'ata lami yenye utelezi. Vyote hivyo havionekani siku ya jua. Vinaonekana katika mita za mwisho kabla ya kusimama, siku lami imelowa, na mita hizo ndizo zilizomwondoa kijana yule. Siku hizi magari yana ABS, inayozuia gurudumu lisifunge, na inasaidia sana usukani uendelee kutii. Haiwezi kuzalisha mshiko ambao mpira hauna.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipotoka. Nimekwama kwenye matope mara zisizo na idadi. Nimelala garini, nimetembea usiku kwenda kutafuta trekta, nimechelewesha kazi na kugombezwa. Sijamzika mtu kwa sababu ya kukwama. Tope linakukamata ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Lami inakukamata ukiwa kwenye 80 au 100, na watu wakivuka mbele yako. Anayechagua tairi kwa kufikiria tope peke yake anajikinga na usumbufu na kujiweka wazi kwa kifo.

Somo jingine nililipata Kenya. Miaka ya 2000 tulikuwa na mikutano ya ujirani mwema kuhusu homa ya mapafu ya ng'ombe, na mmoja ulinipeleka Marsabit, wakati barabara ya Isiolo kwenda Moyale haijawekwa lami. Aliyewahi kuipita anaijua: mawimbi madogo ya changarawe, mfululizo, yanayolegeza kila nati. Tulisimama kunywa chai Laisamis, na dereva mmoja wa lori la ng'ombe akaligonga tairi langu kwa kiatu. "Daktari, hii umejaza ya lami. Toa hewa, itakuvunjia gari."

Nilikuwa na upepo wa psi 40. Alinishusha hadi karibu 28, na gari likawa gari jingine. Lilimeza mawimbi badala ya kuyapiga. Mbele kidogo, kwenye laga, ile mito yao mikavu ya mchanga, wenyeji walinishusha hadi 18. Tairi lililokuwa linachimba likalala, likawa refu chini, likapita juu ya mchanga kana kwamba limebadilishwa. Tairi lilikuwa lilelile.

Kwa hiyo namwambia kila anayeniuliza: kabla ya kulipia kashata kubwa, nunua kipima upepo na pampu inayochomekwa kwenye betri. Kwenye mchanga na tope jepesi, upepo uliopunguzwa utakupa sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta kwenye tairi la matope. Kwenye mawe makali usipunguze sana, kwa kuwa tairi lililolegea linatanua ubavu na kuuweka palepale penye makali. Na ukirudi kwenye lami, simama ujaze kwanza. Tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkali linapindapinda hadi linachemka ndani, nyuzi zinaachana na mpira, na linapasuka bila onyo. Pampu ni ya kukurejesha nyumbani salama kuliko ilivyo ya kukutoa kwenye mchanga.

Narudi kwa mwanangu wa Dodoma. Nilimtaka ahesabu kilomita zake kwa uaminifu. Dodoma hadi Babati ni takriban kilomita 250, lami tupu kupitia Kondoa, nyingine anazipita usiku wa Ijumaa na mvua. Anaendelea na lami hadi Dareda. Kutoka hapo anapanda ukuta wa bonde la ufa kuelekea Dongobesh, na huko ndiko kwenye mawe, makona na utelezi wa udongo mwekundu. Siku za kazi hatoki mjini. Mtu wa hesabu hizo anahitaji tairi la njia zote, lile la herufi A/T: kashata zimeshikana, michirizi myembamba ipo, ubavu una nguvu, na mpira haukukandwa kwa ajili ya mawe peke yake. Kwenye tope kubwa litashindwa mahali ambapo lile la picha lingepita. Nalikubali hilo, naye inabidi alikubali.

Alitaka pia saizi kubwa zaidi, gari linyanyuke. Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Alilolitaka lilikuwa na karibu 806. Tofauti ni kama asilimia 4: mshale ukisema 100, gari liko karibu 104, gia zinakuwa nzito mlimani, na breki zinafanya kazi kubwa zaidi ya iliyokusudiwa. Juu ya hayo, usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linaweza kugusa bodi. Akabaki na saizi ya kiwandani.

Jambo lililoniudhi zaidi ni matairi ya mtumba aliyoonyeshwa Dodoma, yenye kashata nzuri na bei nusu. Nilimwambia atafute ubavuni herufi DOT na asome tarakimu nne za mwisho. Ikiwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Alilopiga picha lilikuwa na zaidi ya miaka 10. Watengenezaji wengi husema huo ndio mwisho kabisa hata kama kashata zipo, nami kwa jua letu sisubiri hata hapo. Mpira unazeeka ukiwa stoo. Unakauka, unakuwa mgumu, unaanza nyufa ndogondogo kati ya kashata na ubavu, na tairi la namna hiyo kwenye lami yenye maji halitofautiani na lile nililolipigia magoti. Mengi ya namna hii yamebaki na kimo kizuri kwa sababu yalikotoka yameondolewa kwa umri. Mnunuzi anaona kimo, hasomi tarehe. Wenye maduka wanajua, na wanaonyamaza wanafanya vibaya sana.

"Lakini Shangazi, nikikwama pale Dongobesh?"

Nilimwambia abebe jembe, kamba nene, mbao mbili na namba ya simu ya mwenye trekta, na ampigie mama yake mapema kwamba huenda atalala njiani. Wako wanaoweka seti mbili zenye rimu zake, za lami na za matope, wakabadilisha kabla ya safari. Mwenye nafasi ya kuhifadhi na mwenye uwezo, huo ni mpango mzuri. Yeye amepanga vyumba viwili.

Ninachosisitiza mwisho ni idadi. Watu hununua manne na kuacha spea ya zamani, ambayo ni ya saizi nyingine au imeliwa na jua. Prado linavuta magurudumu yote manne wakati wote. Tairi moja lenye kipenyo tofauti linailazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika, na safari ndefu ya namna hiyo inaweza kuiua. Yanunuliwe matano ya aina moja na tarehe za karibu, yazungushwe yote matano kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ili yaliwe sawa. Alama ndogo zilizo ndani ya mifereji zinaonyesha milimita 1.6, ambapo tairi limekwisha kabisa. Kwa mtu wa masika mimi nasema abadilishe likifika 4. Na spea ipimwe upepo kila mwezi kama mengine, kwa kuwa inapoteza hata ikiwa imening'inia tu. Ya kwangu huijaza kuzidi kidogo yanayotembea. Porini kupunguza upepo kunataka kijiti cha kubonyezea valvu, na kuuongeza kunataka pampu ambayo huenda siku hiyo imeazimwa na jirani.